Kabla Hujavuka kwa Jirani, Itazame Kadi Yako

Haya wadogo zangu, baridi imeanza kulegea na barua zenu zimebadilika. Mwezi wa kwanza mlikuwa mnaniuliza habari za vitamini D na mabuti yasiyopitisha maji. Sasa kila mmoja anataka kusafiri, na wote mnataka kwenda kwa jirani: aliye Uswidi anaitamani Norwei, aliye Oslo anaitaka Copenhagen, aliye Tampere anataka kuiona Stockholm kabla hajamaliza masomo. Vizuri. Mmefungiwa na giza miezi mitano, nendeni mkatembee.

Aliyenifanya nishike kalamu ni mdogo wangu mmoja wa Uppsala, mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Anasema rafiki yake wa maabara, Mswidi, amemhakikishia kwamba huku Nordic hakuna mipaka, mtu anapanda treni tu anakwenda. Anauliza kama ni kweli, maana pasipoti yake anaiogopa. Aliipata kwa taabu na hataki kuzurura nayo.

Mdogo wangu, rafiki yako hakukudanganya. Amekwambia yanayomhusu yeye. Raia wa nchi hizi wanatembeleana bila pasipoti kwa makubaliano yaliyoanza miaka ya 1950, kabla sisi hatujapata uhuru. Babu yake alikuwa anavuka kwenda Norwei kuteleza kwenye theluji bila kuonyesha kitu, na yeye hajui maisha mengine. Lakini wewe na mimi hatumo kwenye makubaliano hayo. Sisi tunapita mlango wa Schengen, ambao nchi zote tano ziliuingia tarehe 25 Machi 2001, Norwei na Iceland zikiwemo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Masharti ya mlango huo ni kwamba mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Schengen, pamoja na pasipoti ambayo muda wake haujaisha, anaweza kuzitembelea nyingine bila viza kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ni viwili, kadi na pasipoti. Kimoja peke yake hakitoshi, na picha iliyo kwenye simu haihesabiki.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hilo: usipange safari kwa kusikiliza wazawa. Wanaijua njia, wanajua mkahawa mzuri na wapi pa kuogelea, na hayo yote uwaulize. Karatasi wasikufundishe, kwa sababu hawajawahi kuzihitaji.

Nikupe picha. Treni inayotoka Copenhagen inapita kwenye uwanja wa ndege wa Kastrup, inazama chini ya bahari, inaibuka kwenye kisiwa kilichotengenezwa na watu, inapanda daraja la Öresund, na kituo cha kwanza upande wa Uswidi kinaitwa Hyllie. Uswidi ilirudisha ukaguzi wa mipaka Novemba 2015, ukaitwa wa muda, na umekuwa ukiongezwa tangu hapo. Siku nyingine unapita bila kumwona mtu. Siku nyingine milango inafunguka, askari wawili watatu wanaingia na kugawana behewa. Nimekaa kwenye behewa hilo. Mama wa Kiswidi alinyanyua leseni yake ya udereva bila kukatisha maongezi ya simu. Kijana mmoja, ambaye Kiswahili chake cha bara nilikuwa nakisikia tangu uwanja wa ndege, akatoa simu akafungua picha ya pasipoti. Askari alikuwa mpole kabisa. Akamuuliza yenyewe iko wapi. Iko nyumbani, Lund, ndani ya droo. Treni ilipoondoka kijana alikuwa amesimama jukwaani na begi lake, anaendelea kuhojiwa, na wenzake wawili wanamtazama kupitia kioo.

Na ndiyo, kuna wakati utaulizwa wewe na jirani yako wa kiti asiulizwe. Mnajua ninalosema. Dawa ninayoijua ni kuwa na karatasi mkononi, uzitoe, uzirudishe, uendelee na kitabu chako.

Sasa wewe wa Malmö, unayengoja majibu ya kuongezewa kibali na kadi ya zamani imekwisha muda. Najua unaiona Denmark ng'ambo ya maji kila siku, na treni ni kama dakika arobaini. Usiende. Ukiwa umeomba nyongeza kabla kadi haijaisha, unaruhusiwa kukaa Uswidi ukingoja uamuzi. Ruhusa hiyo ni ya kukaa tu, si ya kuzunguka Schengen. Barua inayothibitisha kwamba umeomba haigeuki kadi kwa sababu umeiweka kwenye bahasha nzuri. Ukitoka unaweza kukosa njia ya kurudi bila viza, na hapo wikendi imegeuka kesi. Nyie wa Finland na Norwei, mambo ni hayo hayo. Kadi ikikaribia kuisha, ombeni mapema, na mwezi wa kungoja tembeeni ndani ya nchi. Uswidi ni ndefu, hamjaimaliza. Kuna Gotland, meli kutoka Nynäshamn ni saa tatu na kitu, mji wa Visby una ukuta wake wa kale na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1995. Kuna treni ya usiku ya kwenda Kiruna na Abisko. Huko kote hakuna mpaka wa kimataifa wa kukuumiza kichwa.

Ndugu zangu wa Kongo na Burundi, ambao wengi mlipitia Nyarugusu na kambi nyingine, nanyi mmeniandikia. Hati ya kusafiria ya mkimbizi pamoja na kadi ya ukaazi iliyo hai inawatosha kwa safari fupi za jirani. Ila kuna hati ya aina nyingine, ile anayopewa mgeni asiyeweza kupata pasipoti ya kwao. Hiyo si kila nchi inaipokea kwa namna moja, kwa hiyo uliza kwanza ubalozi wa unakokwenda. Na anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, kadi aliyo nayo si hati ya safari. Abaki.

Kuna aliyeuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kwenda Oslo "kutembea" na akapiga kazi ya kuosha vyombo siku mbili tatu, maana mshahara wa kule unasifiwa. Nitamjibu kwa sauti ya juu: hapana. Kibali cha Uswidi hakikupi kazi Norwei hata ya saa moja. Utahatarisha kibali chako kwa ajili ya masufuria ya watu.

Halafu yako maeneo matatu ambayo ramani inayaonyesha kama ya Nordic na mlango wa Schengen hauyafikii: Visiwa vya Faroe na Greenland, ambavyo viko chini ya ufalme wa Denmark, na Svalbard ya Norwei. Hata kadi ya ukaazi ya Denmark yenyewe haikupeleki Faroe na Greenland moja kwa moja. Ninayataja kwa sababu ya ile meli inayoonekana tamu sana, ya kutoka Hirtshals kaskazini mwa Denmark hadi Seyðisfjörður, Iceland. Njiani inatia nanga Tórshavn, mji mkuu wa Faroe. Kwa mzawa ni safari ya kupiga picha. Kwako ni swali la viza, uliulize kabla hujalipa.

Haya, karatasi ziko sawa. Uende wapi?

Mimi nina upendeleo wangu na sitauficha. Safari ya kwanza ya mgeni anayeishi Stockholm na vitongoji vyake iwe meli ya usiku ya kwenda Finland. Ndege itakufikisha Helsinki kwa saa moja na hutakumbuka kitu. Meli inaondoka jioni, saa kumi au kumi na moja hivi, na kwa saa kadhaa za mwanzo inapita taratibu katikati ya maelfu ya visiwa: vibanda vyekundu vya mbao, gati ndogo ya mtu mmoja, mzee amekaa na taulo mabegani anaipungia meli mkono kana kwamba haijapita jana na juzi. Wakati wa kiangazi mwanga hauishi. Panda sitaha ya juu, valia koti hata kama Stockholm kulikuwa na joto, usiteremke mpaka uchoke.

Tiketi mara nyingi ni rahisi kuliko unavyotegemea, na sababu yake iko majini. Meli nyingi za njia hiyo zinasimama usiku kwenye Visiwa vya Åland, ambavyo ni vya Finland lakini viko nje ya mfumo wa kodi wa Umoja wa Ulaya. Biashara ya bidhaa zisizotozwa kodi ilipofutwa kati ya nchi za Umoja mwaka 1999, njia inayopitia Åland ilisalimika. Ndiyo maana usiku wa manane meli inaingia Mariehamn au Långnäs, watu wachache wanashuka, inaondoka tena. Faida ya mwenye meli iko dukani, baa na kwenye meza ndefu ya chakula. Wewe utakayekula wali wako ulioubeba kwenye kontena na kupita duka ukiangalia manukato tu, umesafirishwa kwa hisani ya wanaonunua masanduku ya bia. Usione haya.

Chumba cha bei ya chini kabisa hakina dirisha, na mara nyingine kiko chini ya sitaha ya magari. Mashine zinanguruma, minyororo ya magari inagongana wakati wa kupakia, lakini kitanda ni kisafi na mlango unafungwa kwa kadi. Kwa kijana kinatosha. Asiyependa kelele asiende Ijumaa: usiku wa Ijumaa kuna karaoke hadi alfajiri, na Mfini aliyekuwa kimya wiki nzima atakuimbia.

Kuna jambo moja la melini nataka mlishike kuliko yote. Meli ikitoka mbali na nchi kavu, simu yako inakamata mtandao wa meli wenyewe, unaopitia setilaiti. Bando lako la Ulaya, lile linalofanya kazi Finland, Denmark na hata Norwei na Iceland kwa bei ya nyumbani tangu Juni 2017, halina nguvu pale. Dakika chache za video zinaweza kuzidi bei ya tiketi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni mara tu visiwa vinapoisha, kisha utumie intaneti ya meli kama ipo. Mwambie mama mapema kwamba utapotea usiku mmoja, asianze kupigia watu.

Asubuhi saa nne kwa saa za Finland unashuka Helsinki. Sogeza saa mbele saa moja. Na wakati wa kiangazi kuna raha ndogo hapo: Finland inakuwa saa moja na nyumbani, Dar es Salaam na Nairobi, hakuna kutoa wala kujumlisha. Meli ya kurudi inaondoka jioni ileile, kwa hiyo una saa sita hivi za mji, na zinatosha ukiacha tamaa. Tembea kwa miguu kutoka bandarini hadi soko la samaki, kunywa supu ya samaki ya maziwa na bizari. Kisha panda feri ya kwenda Suomenlinna, ngome ya baharini iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991. Feri hiyo ni ya usafiri wa mji, tiketi ya kawaida inaikubali, kama robo saa uko kisiwani. Watu wanaenda na vikapu vya chakula, wanalala kwenye majani juu ya mizinga ya zamani. Mvua ikinyesha, nenda maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa Desemba 2018 mkabala na bunge. Huulizwi wewe nani. Unakaa ghorofani kwenye ngazi pana za mbao, choo kipo, joto lipo, na ghorofa ya kati utakuta mtu anashona gauni kwa cherehani ya umma. Kuingia ni bure. Mimi Helsinki naipendea hapo kuliko makanisa yake.

Mwenye siku moja tu ya likizo na hataki kulala nje, na anaishi kusini, aufanye mduara wa Öresund. Treni Malmö hadi Copenhagen kupitia daraja lililofunguliwa mwaka 2000, zunguka mjini, jioni panda treni ya pwani hadi Helsingør, ambako iko ngome ya Kronborg, ile Shakespeare aliyoiweka kwenye Hamlet, kisha feri ya dakika ishirini hadi Helsingborg, na treni ya kurudi Malmö. Hupiti njia moja mara mbili. Copenhagen kwenyewe nina onyo moja, la baiskeli. Njia zao si mapambo. Ukisimama katikati kupiga picha utagongwa, na aliyekugonga ndiye atakayekufokea.

Norwei ni hadithi nyingine, kwa uzuri na kwa bei. Oslo inapendeza bila kutumia pesa: paa la jumba la opera lililofunguliwa mwaka 2008 limejengwa ili watu walipande, bustani ya sanamu za Vigeland haina lango la kulipia, na boti za visiwa vya fjordi zinapokea tiketi ya kawaida ya mji. Lakini kama una siku tatu, usizimalizie Oslo. Panda treni ya Bergen. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1909, ni mwendo wa saa saba hivi, na kituo chake cha juu kabisa, Finse, kiko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Huko hakuna barabara ya magari. Nimemwona mtoto wa mwenzangu, mzaliwa wa Mwanza, akibandika pua kwenye dirisha mwezi wa sita, nje theluji tupu na ziwa lenye vipande vya barafu, saa chache baada ya kula aiskrimu Oslo akiwa na kaptula. Tiketi zinazonunuliwa mapema hushuka bei sana. Za dakika za mwisho zitakuliza.

Na ukiwa Norwei, kumbuka Jumapili. Maduka mengi yanafungwa kwa sheria, unabaki na vibanda vidogo vya bei kali. Nunua mkate, mayai na maji ya matunda Jumamosi. Maji ya kunywa usinunue kabisa, ya bomba ni mazuri nchi zote hizi. Vilevile angalia kalenda: Pasaka ya Norwei watu wote wako milimani, na mkesha wa Midsommar Uswidi, ambao ni Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni, miji inakuwa kama imehamwa. Finland nao wanafunga siku hizohizo. Mtu akija Stockholm siku hiyo akitegemea mikahawa atashinda akitembea peke yake na njiwa.

Iceland mnaitaja wengi, na jibu langu ni fupi. Si ya wikendi. Ni mbali, ni ghali, na yenye kuvutia iko nje ya Reykjavík. Weka akiba, nenda wiki nzima. Na nyie wachache mlioko kaskazini kabisa, Luleå na Oulu, msidharau mpaka wenu: Haparanda na Tornio ni miji miwili iliyoshikana, unavuka kwa miguu, upande huu saa nne, upande ule saa tano.

Pesa. Sarafu ni tano kwa nchi tano, na majina yanayofanana yanawachanganya. Krona mia ya Uswidi na mia ya Denmark si ndugu. Ya Denmark imefungwa kwenye euro kwa kama 7.46, kwa hiyo mia moja yake daima ni euro kumi na tatu na kitu. Ya Uswidi inapanda na kushuka, na kwa miaka ya karibuni mia yake imekuwa chini ya hapo. Ukiona kahawa Copenhagen ina tarakimu ileile ya Uppsala, ujue umelipa zaidi. Usibadilishe noti, kadi inapokelewa kila mahali, hata kwenye vyoo. Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya huku au ya kwenu, chagua ya huku uliko, kwa sababu ile nyingine wanakupangia kiwango wao. Na Swish ni ya Uswidi, usifike sokoni Oslo ukidhani utalipia namba ya simu kama ulivyozoea. Wale wana Vipps, na Denmark na Finland wana MobilePay.

Malazi: hosteli nyingi na vibanda vya milimani vinatoza shuka kando, na usafi unafanya mwenyewe asubuhi kabla ya kuondoka. Beba shuka zako na foronya. Wasafiri wa hema wanabahatika Norwei, Uswidi na Finland, ambako mtu anaruhusiwa kutembea na kulala porini kwa adabu. Norwei sheria inataka hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba au kibanda cha watu, na usizidishe siku mbili mahali pamoja bila ruhusa. Denmark haiko hivyo, huko tafuta kambi zilizopangwa.

Afya nayo tuseme. Anayelipa bima ya nyumba Uswidi afungue mkataba wake: nyingi zina bima ya safari ndani yake kwa siku 45 za mwanzo, na watu wanainunua tena uwanja wa ndege bila kujua. Ile kadi ya bima ya afya ya Ulaya, ya bure, ichukue pia, lakini kwa sisi tusio raia wa Umoja wa Ulaya ina masharti yake, hasa Denmark. Piga simu Försäkringskassan, shirika la bima ya jamii la Uswidi, taja uraia wako, taja nchi unayokwenda. Ukipoteza pasipoti, nenda polisi upate ripoti kwanza. Watanzania, ubalozi wetu wa Stockholm ndio unaohudumia na majirani. Waganda, wenu uko Copenhagen.

La mizigo nitalisema mara moja. Kuna mtu atakuomba umpelekee rafiki yake kifurushi "cha majani ya chai" huko Copenhagen. Miraa, hata kama kwao Meru inauzwa mchana kweupe, huku Nordic kote ni dawa ya kulevya kisheria. Kifurushi ambacho hukukifunga mwenyewe usikibebe, awe binamu, awe mchungaji.

Nimebakiwa na barua ya dada mmoja wa Västerås. Mama yake anakuja kutoka Tanga kwa wiki sita, kwa viza ya Schengen, na anataka kumpeleka mahali. Anahofia viza iliyotolewa na Uswidi haitamruhusu kwingine. Mdogo wangu, chukua pasipoti ya mama usome ile stika. Ikiwa imeandikwa kwamba inatumika nchi za Schengen, basi anapita Finland, Denmark na Norwei, na siku zote zinahesabiwa kwa pamoja. Ikiwa imetajwa nchi moja tu, abaki hapohapo. Angalia pia idadi ya kuingia. Ikiwa ni mara moja, msithubutu kutoka nje ya Schengen, hata London ya siku mbili kwa shangazi, kwa maana harudi. Bima ya safari alishailipia alipoomba viza, na huwa inahusu Schengen nzima. Cheti chake mchapishe kwenye karatasi, mama wa watu hatafuti mambo kwenye simu.

Na wapi? Usimburute Oslo kwa basi la saa nyingi, magoti yatamuuma na hatasema. Mpeleke Turku kwa meli ya mchana, mwendo wa saa kumi na moja hivi, visiwa vinapita pande zote mbili, yeye amekaa na kikombe chake cha chai. Tangawizi muibebe kutoka nyumbani, ya melini ni ya kwenye pakiti. Mkifika mlale usiku mmoja, asubuhi mtembee kando ya mto hadi kanisa kuu la zamani, jioni mrudi. Kwa usiku wowote atakaolala majini mlipie chumba chenye dirisha. Kile cha chini ya magari tuwaachie wanafunzi.